Breki ya mbele: Kiungo kinachopuuzwa zaidi katika pikipiki kuukuu

PIKIPIKI kuukuu hazijatoweka katika Kaunti ya Kajiado licha ya wingi wa pikipiki mpya kutoka India na Uchina ambazo zimejaa vituo vya bodaboda Kitengela, Isinya na mjini Kajiado kwenyewe. Yamaha AG100, ambayo kwa miongo kadhaa ilikuwa farasi wa maafisa wa kilimo, matabibu wa mifugo na wahudumu wa mashirika ya misaada, ingali inatumika mashambani. Suzuki A100, Honda CG125 na Yamaha DT za miaka ya 1970 na 1980 nazo zinao wapenzi wao, na wapo wachache wanaohifadhi BSA na Triumph za kale zaidi. Mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa jijini Nairobi mwaka wa 1970 na ambayo huwa na kitengo cha pikipiki, yamewapa baadhi ya wamiliki hao sababu ya kuzing'arisha.

Hata hivyo, rangi na kromu haziisimamishi pikipiki. Kinachoisimamisha, kwa sehemu kubwa, ni breki ya mbele, na hicho ndicho kiungo ambacho mafundi na wamiliki wengi hukipa nafasi ya mwisho. Injini ikikohoa, fundi huitwa siku hiyo hiyo. Breki ya mbele ikilegea, mwendeshaji huanza kukanyaga ya nyuma kwa nguvu zaidi, na mambo huendelea hivyo kwa miezi.

Karibu pikipiki zote ndogo za kale zina breki ya dramu mbele, yaani ile inayofanya kazi ndani ya kitovu cha gurudumu na kuvutwa kwa kebo. Muundo huo haujafa. Bajaj Boxer nyingi zilizomiminika nchini baada ya serikali kuziondolea pikipiki ndogo kodi ya VAT mwishoni mwa miaka ya 2000 zina dramu mbele vilevile. Kwa hivyo, mengi yanayohusu utunzaji wa breki ya pikipiki ya mwaka wa 1975 yanamhusu pia mhudumu wa bodaboda aliyenunua yake juzi.

Uoga wa breki ya mbele

Si ajabu kukuta pikipiki ambayo kebo ya breki ya mbele imefunguliwa kabisa na kufungwa kando kwa kamba ya mpira. Mwenyewe akiulizwa, atasema breki hiyo huwatupa watu mbele. Imani hiyo ina chanzo. Kwenye changarawe, matope au mchanga, gurudumu la mbele likikwama ghafla huteleza upande, na mwendeshaji huanguka kabla hajajua kilichotokea. Aliyejifunza kuendesha pikipiki kwenye barabara za vumbi za ndani hubeba uoga huo hadi kwenye lami, ambako hauna faida tena.

Ukweli ni kuwa pikipiki inapopunguza mwendo, uzani wake huhamia mbele. Gurudumu la mbele hukandamizwa ardhini na kupata mshiko zaidi, huku la nyuma likipungukiwa na uzani hadi kuweza kukokotwa tu kama jiwe. Jinsi mwendeshaji anavyokaza breki ndivyo tofauti hiyo inavyokua. Abiria au mzigo kwenye kiti cha nyuma hupunguza tofauti hiyo kidogo, lakini hauiondoi. Isitoshe, uzani huo wa ziada unahitaji nguvu zaidi ya kuusimamisha.

Hesabu yake si ngumu. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa husafiri takribani mita 17 katika kila sekunde. Tuseme breki zote mbili, zikiwa katika hali njema kwenye lami kavu, zinapunguza mwendo huo kwa mita 6 kwa sekunde, kila sekunde. Pikipiki itasimama baada ya mita 23 hivi. Ikitumika breki ya nyuma pekee, na mwendo ukapungua kwa nusu ya kiwango hicho, itahitaji mita 46. Hapo haijajumlishwa sekunde moja ambayo macho na mkono huchukua kabla ya kuanza kukaza breki.

Mita hizo 23 za ziada ni nyingi katika barabara kuu ya Namanga. Barabara hiyo, ambayo ilijengwa upya kwa ushirikiano na Tanzania hadi Arusha, iliongeza kasi ya magari kuliko ilivyoongeza uangalifu wa wanaoitumia. Kitengela kuna matatu zinazosimama ghafla na watu wanaovuka wakielekea kazini katika viwanda vya eneo la EPZ, Athi River. Ukishapita Kisaju na Isinya, ng'ombe, mbuzi na kondoo huvuka lami wakati wowote, hasa msimu wa kiangazi ambapo wafugaji hutembeza mifugo mbali wakitafuta malisho. Malori marefu ya kwenda na kutoka mpakani hayaachi nafasi ya kukwepa. Pikipiki yenye breki moja haina biashara mahali kama hapo.

Jinsi dramu inavyofanya kazi

Ndani ya kitovu cha gurudumu mna pete ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Hiyo ndiyo dramu. Katikati yake, juu ya bamba ambalo halizunguki, kuna vipande viwili vilivyopinda mithili ya mwezi mchanga. Mafundi huviita shuu. Kila shuu imebandikwa gamba la msuguano upande wa nje. Mwisho mmoja wa shuu hizo umeegemea pini, na mwisho wa pili umeegemea kamu, yaani chuma kilichochongwa kiwe bapa. Kishikio kwenye usukani kinapovutwa, kebo huuvuta mkono wa kamu ulio nje ya bamba, kamu hugeuka, na shuu hutanuka hadi magamba yakaikamata dramu. Kishikio kikiachiliwa, springi huzirudisha shuu mahali pake.

Kuna siri moja ya muundo huo ambayo inafaa kueleweka kabla ya kuufungua. Shuu hizo mbili hazifanyi kazi sawa. Moja huongoza: mzunguko wa dramu huivuta na kuikandamiza zaidi kuliko kamu inavyoisukuma. Ya pili hufuata, na dramu huwa kama inaisukuma irudi. Shuu inayoongoza ndiyo inayobeba kazi kubwa na kwa kawaida ndiyo inayolika haraka. Fundi akikuta gamba moja limekwisha na la pili lingali nene, asidhani kuwa amekuta hitilafu, na wala asibadilishe moja tu. Shuu hubadilishwa zikiwa jozi.

Baadhi ya pikipiki kubwa za kale zilitumia kamu mbili ili shuu zote mbili ziwe za kuongoza. Triumph na BSA ziliingia katika mtindo huo kwa pikipiki zao kubwa za mwaka wa 1968. Breki hizo huwa na nguvu sana zikirekebishwa vyema, lakini zina ufito unaounganisha mikono miwili ya kamu, na urefu wake usipokuwa sahihi shuu moja hugusa dramu kabla ya nyingine na faida yote hupotea. Aidha, pikipiki ya aina hiyo ikianza kurudi nyuma kwenye mlima, breki ya mbele huishikilia kwa unyonge, kwa sababu shuu zote hugeuka kuwa za kufuata. Mwenye pikipiki kama hiyo asishtuke.

Ukaguzi usiohitaji spana

Kazi ya kwanza ni kupima uvivu wa kishikio, yaani umbali ambao ncha yake husogea kabla ya breki kuanza kushika. Vitabu vya matengenezo vya pikipiki nyingi ndogo za Honda hutaja kati ya milimita 20 na 30. Pungufu ya hapo, breki huenda ikawa inakwaruza muda wote, dramu ikapata moto na petroli ikaliwa bure. Zaidi ya hapo, kishikio hufika kwenye mpira wa usukani kabla breki haijamaliza kazi yake. Uvivu huo hurekebishwa kwa nati iliyo mwisho wa kebo pale chini, halafu skrubu ndogo iliyo kwenye kishikio hutumiwa kwa marekebisho madogo. Ni vyema skrubu ya juu iachwe karibu na mwanzo wake ili ibaki na nafasi ya kutumika safarini.

Baada ya marekebisho, gurudumu la mbele huinuliwa na kuzungushwa kwa mkono. Lizunguke bila kukwaruza. Likikwaruza mahali pamoja tu kisha likaachia, na hali hiyo ikajirudia kila mzunguko, yamkini dramu imepoteza uviringo wake.

Pikipiki nyingi za Kijapani zina mshale mdogo kwenye mkono wa kamu na alama kwenye bamba. Kishikio kikikazwa kabisa na mshale ukafika kwenye alama, magamba yamekwisha na kurekebisha nati hakutasaidia. Hapa ndipo penye hila mojawapo mbaya kuliko zote katika ufundi wa kando ya barabara. Mkono wa kamu umeshikana na kamu kwa meno madogo. Fundi huufungua, huusogeza nyuma jino moja au mawili, kisha huurudisha. Kishikio kinakuwa kigumu tena kama kipya, mwenye pikipiki anatabasamu, na malipo yanatolewa. Alichofanya fundi ni kuificha dalili. Magamba yanazidi kulika, kamu inazidi kugeuka, hadi siku moja upande wake bapa unapita kiwango na kusimama wima kati ya shuu. Hapo breki ama hukwama ikiwa imeshika, au hukosa nguvu kabisa. Kukwama kwa gurudumu la mbele pikipiki ikiwa mwendoni ni ajali ambayo hakuna ustadi unaoweza kuiepusha.

Njia ya kuitambua hila hiyo ni kutazama pembe kati ya kebo na mkono wa kamu breki inapokazwa. Zinapaswa kukaribia pembe mraba. Mkono ukiwa umelala sana kuelekea upande ambao kebo inavuta, kebo hupoteza nguvu na kuna haja ya kufungua dramu mara moja.

Kufungua na kusafisha

Gurudumu hutolewa pikipiki ikiwa imesimama imara juu ya stendi, na kipande cha mbao au kreti kikiwekwa chini ya injini. Kebo ya breki na ile ya kipima mwendo hufunguliwa kwanza, kisha ekseli huchomolewa. Bamba la breki hutoka likiwa na shuu zake.

Vumbi linalomwagika humo halipaswi kupulizwa kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, ingawa hivyo ndivyo inavyofanywa katika gereji nyingi. Magamba ya breki ya zamani yalitengenezwa kwa asbesto, na Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema aina zote za asbesto husababisha saratani kwa binadamu. Pikipiki ambayo imekaa ghalani tangu miaka ya 1970 huenda ingali na magamba yake ya kwanza. Vumbi hilo lilowanishwe kwa maji, lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu, na kitambaa hicho kifungwe ndani ya mfuko kabla ya kutupwa.

Unene wa gamba hupimwa pale palipolika zaidi. Pikipiki ndogo nyingi huwa na magamba ya milimita 4 hivi yakiwa mapya, na kikomo kinachotajwa sana ni milimita 2. Kipenyo cha dramu nacho hupimwa. Mara nyingi kikomo chake kimeandikwa kwenye chuma chenyewe. Dramu ya milimita 110, kwa mfano, kwa kawaida hairuhusiwi kupita 111. Dramu iliyopita kikomo haipokei shuu mpya ipasavyo kwa sababu mviringo wake na wa shuu haulingani tena, na magamba hugusa katikati tu.

Magamba yanayong'aa kama kioo yamepata moto kupita kiasi. Yakiwa bado mazito, husuguliwa kwa msasa wa kukwaruza kiasi hadi mng'ao utoke, na uso wa dramu husuguliwa vilevile. Yaliyolowa mafuta au grisi ni habari nyingine. Wapo mafundi wanaoyamwagia petroli na kuyawasha moto ili mafuta yaungue. Moto huo huondoa mafuta ya juu tu. Breki ikipata joto, yaliyojificha ndani hutoka tena, na gundi inayoshikilia gamba huwa tayari imedhoofika. Shuu za aina hiyo hutupwa, na chanzo cha mafuta hutafutwa: mara nyingi ni mpira wa kuzuia grisi ulio kando ya beringi, au mtu aliyeijaza grisi gia ya kipima mwendo kwa ukarimu uliopita mipaka.

Grisi kidogo inahitajika, lakini mahali maalumu. Kamu hutolewa kwenye bamba, ikasafishwa hadi iwe laini, ikapakwa grisi inayostahimili joto kwa uchache sana, kisha ikarudishwa. Pini ambayo shuu huegemea nayo hupakwa kidogo. Kamu iliyokauka na kushika kutu ndiyo sababu kubwa ya breki inayokataa kuachilia, na watu wengi huilaumu springi bure. Springi zenyewe hukaguliwa kama zimevutika au kushika kutu, nazo si ghali kuzibadilisha.

Kabla ya shuu mpya kufungwa, kingo za mwanzo wa magamba hukwanguliwa kwa tupa ili zisiwe na ncha kali. Mkwanguo wa milimita chache watosha. Bila huo, breki hupiga yowe au hushika kwa mshtuko.

Dramu iliyopoteza uviringo huhisiwa mkononi: kishikio husukuma na kuachia, kusukuma na kuachia, kadiri gurudumu linavyozunguka. Katika magurudumu ya spoku, kisa hiki huja sana baada ya spoku kubadilishwa na kukazwa kupita kiasi upande mmoja, zikakivuta kitovu. Fundi wa mashine ya kukereza anaweza kuisawazisha dramu, mradi gurudumu lipelekwe likiwa na spoku zake zimeshakazwa. Kitovu kikikerezwa peke yake kisha kikafungwa spoku, kasoro hurudi pale pale.

Kuhusu vipuri, hapana haja ya kukata tamaa. Shuu za Boxer na TVS zapatikana karibu kila duka la vipuri Kitengela na Kajiado. Za pikipiki za kale huhitaji safari ya Nairobi, hasa katika barabara ya Kirinyaga, ambayo zamani ilijulikana kama Grogan, au shuu kuukuu zipelekwe kwa fundi anayebandika magamba mapya. Jambo la kuepukwa ni kulazimisha shuu za pikipiki nyingine kwa sababu tu zinaingia. Kipenyo, upana na umbo la mahali pa kamu sharti vilingane. Kadhalika, bidhaa bandia zingalipo sokoni licha ya Sheria ya kupambana na bidhaa ghushi ya mwaka wa 2008. Gamba linalomeguka likikwaruzwa kwa ukucha halifai, hata kama boksi lake limeandikwa jina linalojulikana.

Kebo na kurudisha gurudumu

Kebo hukatika polepole. Nyuzi zake huanza kuachana moja moja karibu na kile kichwa cha risasi kinachokaa kwenye kishikio, mahali ambapo jicho halifiki bila kusudi. Kishikio kikikazwa na mwanga ukamulikwa hapo, uzi mmoja uliokatika ni sababu tosha ya kuibadilisha kebo. Ala yake ikiwa imepasuka au kubonyea, breki huwa laini kama sifongo hata shuu zikiwa mpya, kwa kuwa nguvu ya mkono huishia kuikunja ala badala ya kuivuta kamu.

Kebo ya kawaida hutiwa mafuta mepesi kutoka juu hadi yatokee chini. Njia ya zamani ya kufunga faneli ya plastiki kwenye mwisho wa kebo na kuiacha usiku mzima ingali nzuri kuliko nyingi za kisasa. Inaporudishwa, kebo ipitishwe palepale ilipokuwa, kisha usukani ugeuzwe kushoto na kulia hadi mwisho. Breki isikazike yenyewe.

Wakati wa kurudisha gurudumu, kuna jambo moja ambalo halina msamaha. Bamba la breki lina mfuo au mkono unaoshikana na foku ili lisizunguke. Bamba likiachwa bila kushikana hapo, breki itakapokazwa kwa mara ya kwanza bamba litazunguka pamoja na gurudumu, litaikata kebo na kulikwamisha gurudumu papo hapo. Sharti macho yahakikishe na mkono uhakikishe, kabla ya ekseli kukazwa.

Nati ya ekseli inapokaribia kukazwa, gurudumu huzungushwa, kishikio hukazwa kwa nguvu na kushikiliwa, ndipo nati imaliziwe. Kwa njia hiyo shuu hujiweka zenyewe katikati ya dramu. Jambo hili dogo, ambalo huchukua sekunde kumi, mara nyingi hubadilisha breki hafifu ikawa nzuri.

Vumbi, matope na maji

Mazingira ya Kajiado yana ukali wake. Wakati wa kiangazi, vumbi laini huingia kwenye dramu na kufanya kazi ya msasa dhidi ya magamba na chuma. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba zikija, udongo mweusi wa nyanda za Athi na Kapiti hugeuka gundi. Hujaza nafasi kati ya tairi na mlinzi wa matope, hushika mkono wa kamu na kukauka kama saruji. Mwendeshaji anayepita mitaa ya Kitengela isiyo na lami msimu huo hana budi kusafisha mkono wa kamu na mwisho wa kebo kila jioni, hata kama sehemu nyingine za pikipiki zitasubiri.

Maji yakiingia ndani ya dramu, breki hupoteza nguvu kwa muda. Baada ya kuvuka mto wa msimu au dimbwi refu, kishikio hukazwa kidogo kidogo pikipiki ikienda polepole hadi mshiko urudi. Hali hiyo hutokea pia mahali pasipotarajiwa: pale pikipiki inapooshwa kwa mashine ya maji yenye nguvu. Mashine hiyo husukuma maji ndani ya dramu, ndani ya kebo na ndani ya beringi. Ni afadhali ndoo na brashi.

Pikipiki iliyokaa miezi mingi bila kutumika hupata kutu ndani ya dramu. Kutu hiyo hushika kwa ukali usiotabirika siku ya kwanza barabarani. Isafishwe kwa msasa kabla ya safari.

Wenye breki ya diski

Honda CB750, iliyotoka mwaka wa 1969, ndiyo iliyoifanya breki ya diski ya mafuta kuwa jambo la kawaida katika pikipiki kubwa, na nyingi za miaka ya 1970 ziliifuata. Utunzaji wake ni mfupi kuueleza, lakini hauvumilii uzembe. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu kutoka hewani, kwa hivyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama pikipiki haikutembea. Yakiachwa, maji yaliyomo huchemka breki inapopata joto na kishikio huzama bila kushika, na pistoni nazo hushika kutu na kukwama ndani ya kalipa. Mafuta ya injini au ya hydroliki hayatiwi humo kamwe kwa sababu hufurisha na kuharibu mipira yote. DOT 5, ambayo ni ya silikoni, haichanganywi na hizo nyingine. Unene wa chini wa diski mara nyingi umegongwa kwenye diski yenyewe.

Majaribio ya breki yoyote iliyofunguliwa hufanywa polepole, kwenye sehemu kavu isiyo na magari, kwanza kwa mwendo wa kutembea kwa miguu, kisha kilomita 20 kwa saa, kisha 40. Magamba mapya hayashiki kikamilifu hadi yalike kidogo na kulingana na dramu. Kwa siku za kwanza mwendeshaji huacha nafasi kubwa zaidi mbele yake, hukaza breki kwa kiasi na mara kwa mara, na huepuka kuikaza kwa muda mrefu ikapata moto. Uvivu wa kishikio hupimwa tena baada ya siku chache, kwa kuwa shuu mpya na kebo mpya hukaa na kulegea. Ikiwa safari ya kwanza ni ya kubeba abiria kutoka Kitengela hadi Kajiado, isubiri hadi kipimo hicho cha pili kifanywe.